Kibebeo cha Tairi Kilichomshinda Shemeji

Pale karakana kila mtu alimwita Shemeji, hata mchomeleaji ambaye hakuwa ameoa kwao wala kuozesha. Jina lilianzia kwa bosi wake, mume wa dada yake, likamganda. Alikuwa mtu wa miraba minne na mwingi wa utani, ila mkono wa kushoto ulining'inia tu begani kama taulo kwenye kamba. Uliharibika siku gari la bosi lilipobiringika korongoni, bosi mwenyewe akiwa kwenye usukani. Wodini, mbele ya ndugu wote, bosi aliapa kwamba huyu hatakosa kazi maadamu yeye yuko hai.

Gari lilikuwa la kupeleka wageni porini. Shemeji ndiye aliyepakia mahema, majiko na madumu ya maji, na ndiye aliyeyashusha kambini, kwa mkono mmoja, bega na meno. Kazi haikumshinda. Shida ilikuwa maswali. Kila safari haikukosa mgeni wa kuuliza mkono ule ulipatwa na nini, naye Shemeji, bila hila yoyote, alieleza kwamba walipinduka, na kwamba aliyekuwa akiendesha ni huyu huyu hapa mbele. Gari zima linanyamaza. Bosi akaanza kumchukia kwa ajili ya ukimya ule. Kumfukuza hakuthubutu, maana mkewe asingemwelewa.

Ndipo bawaba za mlango wa nyuma zilipoanza kulegea kwa uzito wa tairi la akiba. Ilibidi tairi liondolewe mlangoni, libebwe na kibebeo cha chuma kinachofungwa kwenye bampa na kufunguka kwa pembeni kama geti. Mchomeleaji alikuwa na vibebeo viwili. Bosi akamwambia Shemeji avijaribu vyote, kwa kuwa yeye ndiye atakayevitumia.

Shemeji alifurahi mno kuulizwa. Cha kwanza kilikuwa chepesi. Alibonyeza komeo kwa kidole gumba, akavuta, na kibebeo kilipofika mwisho pini ikadondoka yenyewe ikakizuia. Alikifungua na kukifunga tena na tena, akicheka, akisema hiki hata bibi yake angekiweza. Cha pili kilikuwa cha bomba nene, chenye makomeo mawili ya kubonyezwa kwa pamoja, moja juu na moja chini, na hakikuwa na pini. Alihangaika nacho mpaka shati likamganda mgongoni. Hakikufunguka.

Bosi alimtazama mpaka Shemeji akachoka.

"Tufungie hiki kizito," akamwambia mchomeleaji.

"Huyu atakifunguaje?"

"Atajua mwenyewe. Ndiyo kazi yake."

Shemeji alidhani ni mzaha. Alipoona boliti zinakazwa, tabasamu lilimtoka taratibu, akaenda kunawa mkono bombani.

Bosi alitaraji ataacha kazi, lakini hakuacha. Alilibana komeo la juu kwa mkanda wa suruali likabaki limebonyea, akabonyeza la chini kwa mkono. Bosi akaukata ule mkanda, akisema unakwaruza rangi. Akajifunza kubonyeza la juu kwa kidevu. Wageni walipotaka kumsaidia, bosi aliwazuia kwa upole, akawaambia jamaa hapendi kuonewa huruma. Hivyo wakakaa kwenye viti vyao vya kukunja wakimtazama akipiga kichwa kwenye chuma, na wengine walimpiga picha.

Kambi iliyofuata ilikuwa mteremkoni. Shemeji alifungua kibebeo, akakizuia kwa mgongo, akainama kuvuta jiko. Mguu uliteleza kwenye kokoto. Kibebeo kilirudi na tairi lake na dumu la mafuta lililofungwa juu yake, kikambana uso kwenye ukingo wa nyuma wa gari. Taya lilivunjika kwa mlio ambao wageni waliusikia. Walikimbia. Bosi alikuwa anamimina chai. Alijaza kikombe, akafunga chupa, ndipo akainuka.

Hospitali walimfunga taya kwa nyaya. Dada yake alikuja akilia, na mumewe akamweleza pale pale kando ya kitanda kwamba alimwonya mara nyingi asikiguse kile kibebeo peke yake, lakini ana kichwa kigumu.

"Kweli, kaka?" dada akauliza.

Shemeji alitikisa kichwa kukataa, akanguruma, akapiga godoro kwa kiganja. Dada alimshika ule mkono, akambembeleza atulie, akamwambia hakuna anayemlaumu.

Nyaya zilipotolewa alikwenda kwa dada, akasubiri mume atoke, akamweleza yote: vibebeo viwili, mkanda, chai. Dada aliendelea kukunja nguo za watoto. Alizikunja zote, akazipanga, akakaa.

"Najua," akasema. "Aliponiambia nilijua anadanganya. Lakini kaka, nina watoto wanne. Usije tena hapa na hayo maneno."

Shemeji akaitikia vizuri, akauliza habari za watoto. Siku hizi analinda ghala la saruji. Anakula uji na vitu laini. Akiulizwa na wenzake amepatwa na nini, mkono na uso, husema alizaliwa hivyo.