Mwana Niliyemficha Asichanjwe

Ng'ombe wangu walipochanjwa, sikuwahi kupeleka wazuri. Katika bulla yetu, kijiji chetu hapa Isiolo, hakuna aliyepeleka. Chanjo ya ugonjwa wa mapafu ilidungwa mkiani, na mara nyingine mkia ulioza ukakatika. Fahali asiye na mkia nani atamnunua sokoni? Kwa hiyo maofisa wa mifugo walipokuja tuliwasukumia waliokonda, na wanono tukawaswaga hadi malisho ya mbali ya Leparua mpaka gari la serikali liondoke. Nilijiona mjanja sana.

Mwishoni mwa miaka ya themanini ikaja homa ya uti wa mgongo. Redio ilitangaza watoto na vijana wote wachanjwe. Nami, niliyesoma sekondari, niliyewasomea majirani kila tangazo lililobandikwa ukutani, nikawafanyia watoto wangu kama nilivyowafanyia ng'ombe. Mwanangu wa kwanza, mrefu, mwenye mbio, nilimtuma Leparua kwa mifugo. Binti yetu mdogo, aliyekohoa tangu azaliwe, nikambakisha nyumbani achanjwe.

Muuguzi alifika na sanduku lake la barafu, mwanamke wa Kimeru mwenye sauti kubwa.

"Salaam aleikum, mzee."

Sikuitikia. Wakati wa vita vya shifta, waasi wa kaskazini, serikali ilitufungia ndani ya ua wa seng'enge, ng'ombe wetu wakafa nje tukiwatazama. Mtu wa serikali hakuwa na salamu kwangu.

"Ni huyu tu? Naambiwa una kijana mkubwa."

"Umeambiwa na nani?"

"Na mama yake."

Nilimgeukia mke wangu. Hakuinamisha uso.

"Mwambie alipo," akasema. "Ama leo umekuwa bubu?"

"Sista, dunga huyo uliyempata, uende zako. Wengine si wako."

"Ni kweli, si wangu. Ndiyo maana nakuuliza wewe." Akamdunga binti yangu, akafunga sanduku kwa kishindo. "Mzee, huu ugonjwa unachukua hata wenye nguvu."

"Nenda ukawatishe watoto wa kwenu!"

Akatema mate mlangoni kwangu, akaenda. Nami nikacheka ili asikie.

Binti alichemka mwili siku ile, kesho yake akaamka akililia maziwa. Kabla mwezi haujaisha, mwanangu aliletwa kutoka Leparua juu ya lori la mbuzi, shingo imekakamaa, hanitambui. Hospitali ilimrudishia uhai. Masikio haikuweza.

Mke wangu alikaa upande wa pili wa kitanda na kuniambia, bila kupandisha sauti, wagonjwa wote wakisikia:

"Ulimficha vizuri, bwana. Hata mimi nikimwita hanisikii."

Hakuniita tena Baba wa watoto wake. Aliniwekea chakula na kuondoka, hivyo hivyo, mpaka nilipomzika.

Mwanangu sasa ana watoto wake. Siku ya kliniki huwabeba mwenyewe. Nikinyoosha mkono nimsaidie, huusukuma kando kama anafukuza mbuzi. Amejifunza kusoma midomo ya watu, na huelewa upesi. Mara nyingi nimesimama mbele yake nikaanza polepole, ili asipoteze neno: nilikosea, mwanangu, nilikuficha kama fahali wa kuuzwa.

Hajawahi kufika mwisho wa sentensi hiyo. Midomo yangu ikianza tu, hufumba macho, na huyafumbua nikishaondoka.