Eufrasia na Mawese ya Mwalimu

Mimi Regina napika shuleni hapa Mwandiga. Sayansi sijasoma, lakini mawese nayajua: yanaelea. Ukibisha njoo uchungulie sufuria yangu ya maharage. Mwalimu Selestini wa Biolojia, na shahada yake na tai yake, hilo dogo lilimpita kando.

Maabara yetu inatunzwa na Eufrasia wa Kidahwe, mwaka wa tisa huu. Aliingia kuosha chupa, akajisomea vitabu humo humo. Selestini hampendi kabisa. Alimwandikia mkuu wa shule barua kwamba huyo mama hafai, atolewe maabara akafagie uwanja. Mkuu akasema ataamua Alhamisi, mkaguzi akishapita.

Mkaguzi alitaka kuona tunavyofundisha utando wa seli, ile ngozi nyembamba inayoizunguka. Eufrasia akaja jikoni kuniomba viini vinne vya mayai. Akaviosha kwa asetoni mpaka mafuta ya njano yakatoka, kilichobaki, yale mafuta yanayojenga utando, akakiyeyusha kwenye spiriti, akakikausha chini ya chupa, kisha akamimina maji ya sukari taratibu na kuiacha mpaka kesho yake bila kuigusa. Akanieleza kwamba ukiitikisa, ngozi zinapandana kama maganda ya kitunguu. Ukiiacha, unapata vifuko vya ngozi moja.

Selestini alicheka hadi akakohoa. Mayai, Kigoma hii iliyojaa michikichi! Mafuta ni mafuta, akasema, na Alhamisi akaja na dumu la mawese la shambani kwake. Akakoroga kwenye maji, akamwonyesha mkaguzi matone, akajisifu weee. Nilikuwa nimeleta chai, nikabaki mlangoni. Dakika mbili hazikuisha, mawese yote juu.

Eufrasia akadondosha vifuko vyake kwenye maji ya glukosi, sukari nyepesi zaidi. Vikazama polepole, kama wingu hafifu, kwa sababu vilibeba maji ya sukari ndani, nayo ni mazito kuliko ya nje. Selestini akainamia hadubini.

"Hizi ni pete tupu," akasema. "Seli iko wapi?"

"Ni tupu kweli, mwalimu," Eufrasia akajibu. "Seli yenyewe imejaa mambo, hujui kipi kinazuia kipi. Hapa utando uko peke yake. Ukiuuliza, unajibu wenyewe."

Mkaguzi akamuuliza Selestini ndani ya tone lake kuna nini. Mafuta, akajibu. Na ndani ya seli, kuna mafuta matupu, au maji? Bwana mkubwa akaanza kurekebisha tai. Nilifurahi, sitadanganya.

Barua ilirudi mezani kwa Selestini haijasainiwa. Ijumaa nikamwona amesimama nje ya maabara, yule aliyezoea kuingia kama kwake, anabisha hodi. Alikuwa ameshika mayai manne.