Viazi Kumi vya Kupona Haraka

Wiki jana, katika chumba cha mazoezi cha hospitali moja mjini Nyeri, nilimwona mgonjwa akijitahidi kuinua chupa ya maji, nikamkumbuka mama.

Nilikuwa mtoto, naye alikuwa ametoka kuugua mapafu. Ili arudi kuchuma chai, kila alasiri alipanda mlima wa kwetu Kiriaini na kiondo cha viazi mgongoni, kamba ikimbana kipaji cha uso. Kila siku aliongeza kiazi kimoja. Mimi nilidhani viazi ndivyo dawa. Basi siku moja, alipokuwa akijifunga kitambaa kichwani, nikamwongezea kumi ili apone haraka.

Nikiwa nyuma yake, alifika nusu ya njia akaketi kwenye udongo mwekundu uliolowa. Upepo ulileta harufu ya chai kutoka kiwandani, na kifua chake kililia kama filimbi.

“Mwili umekataa, Wanjiru,” alisema. “Chai wachume wengine.”

Tulipofika nyumbani nilivirudisha vile kumi guniani kabla hajaviona. Hakupanda tena mlima ule. Miaka yote iliyobaki aliulaumu mwili wake, nami, hata nilipokuwa mtu mzima niliyejua kuhusu vile kumi, nilikuwa nikimpa pole.