Mikono ya Bibi Kwenye Sinema

Nyumba yetu ya Al Ras, huku Uarabuni, ilikuwa juu ya duka la viungo, na harufu ya ndimu kavu ilipanda ngazi tangu asubuhi, ikaingia ndani bila hodi, ikalala kwenye mito, kwenye mitandio, hadi kwenye madaftari yangu ya shule. Hata leo nikiipata harufu ile, popote nilipo, nakuwa na miaka tisa. Nimelala kifudifudi kwenye zulia, Bibi yuko jikoni, na katikati ya sebule amepiga magoti mzungu mrefu mwenye kofia ya wachunga ng'ombe, analia. Chekeni tu. Yule bwana ambaye siku hizi uso wake unafunika ukuta wa jumba zima, mimi nilimjua akiwa bawabu.

Alisimama mlangoni pa mkahawa mmoja wa nyama choma kule Al Rigga, na kofia yake ile, akiwakaribisha wateja katika joto la kumchemsha mtu. Pembeni yake alisimama mlinzi, Anti Wanjiru, Mkenya aliyepanga chumba chetu cha nyuma. Jina la kijana yule lilimshinda Bibi, akaamua kumwita Mrefu, yakaisha. Siku ya kwanza alikuja kumsaidia Anti kubeba mizigo, akamkuta Bibi anakula. Bibi akasema, "Karibu," kama asemavyo kila Mzanzibari mwenye adabu. Masikini Mrefu hakujua kwamba hapo hujibiwa ahsante, endelea. Akakaa, akala, akamaliza mpaka ukoko. Bibi alimpenda tangu siku ile.

Akila, alisimulia kwao, Anti akitafsiri. Baba yake alikamua ng'ombe wa watu. Mama yake alipiga pasi mashuka ya hospitali, naye utoto wake wote aliupitisha chini ya meza ya pasi, akiigiza mwendo wa wauguzi ili mama yake aliyechoka acheke. Ndipo alipoanzia, alisema, chini ya meza ile. Kisha jioni moja alikuja hana hamu ya kula. Watu wa filamu walikuja mkahawani, mmoja akamtazama sana, akamwambia aje Alhamisi ajaribiwe. Angeigiza askari anayepigiwa simu kuambiwa mama yake amefariki. Mkataba wake wa pale mlangoni ulikuwa unaisha mwezi uleule. Akishindwa Alhamisi, ni ndege, ni ng'ombe wa watu, khalas.

Chumbani kwake walilala saba, wengine mchana, wengine usiku, kwa hiyo Anti akamwombea sebule yetu baada ya alasiri. Bibi alikubali kwa sharti moja: mlango uachwe wazi kabisa, maana huyu ni mwanamume wa kando na yeye hataki maneno. Basi Jumatatu Mrefu akaanza. Akapiga magoti, akalipiga zulia ngumi, "Mama! Mama!" Mimi nami, sijui kwa nini, nikaanza kulia naye. Na mlango u wazi! Wazanzibari wa jengo lile walikuwa na desturi moja: ukisikia kilio huulizi, unakwenda. Mara akaingia Bi Zuwena wa ghorofa ya chini, kanga kichwani, nyuma yake akina mama na mikeka na misahafu na birika la kahawa. Wakamwona mzungu chini, mtoto analia, kiti cha Bibi kitupu. "Inna lillahi! Na jana nimemwacha mzima!" akalia Bi Zuwena, machozi yakimchuruzika. Bibi akatokea jikoni, mwiko mkononi. "Nani kafa?" Jamani, ukelele ule! Kahawa nusu ikamwagika. "Umekufa wewe!" akasema Bi Zuwena, amekasirika kweli, kama mtu aliyedhulumiwa.

Walicheka mpaka wakashika mbavu, isipokuwa Mrefu, aliyejikunyata pembeni na kofia usoni. Anti akatutafsiria. "Anasema basi, hawezi. Bi Zuwena amelia vizuri kumshinda." Bibi akakaa kwenye kiti chake, akaweka sinia la mchele mapajani. "Mwambie anitazame." Akainua mkono sikioni kama anayepokea simu, akasikiliza. Sote tulijua ni simu gani: ya Unguja, ya habari ya dada yake, aliyekwisha kuzikwa simu ilipofika. Akaiteremsha ile simu isiyokuwepo, akarudi kuchagua mchele. Punje, punje, chuya pembeni. Chuya zikaisha, naye akaendelea kuchagua mchele safi, akiusogeza huku, akiurudisha kule. Kisha kidole gumba kikafuta ukingo wa sinia, mara tatu, polepole. Hakudondosha hata chozi. Bi Zuwena akainama. Mrefu akavua kofia.

Siku mbili alichagua mchele sebuleni petu. Alhamisi jioni alisimama mlangoni na gunia la mchele begani. "Kapata," akasema Bibi. Kabla hajasafiri kwenda kuigiza alitaka kupiga naye picha, Bibi akajifunika uso kwa mtandio. "Picha ya nini, na mimi nipo?" Sisi pia alitujibu hivyohivyo, miaka yote.

Sasa naishi Al Nahda, ghorofa ya kumi na nne, milango imefungwa, harufu pekee ni ya dawa ya kusafishia lifti. Jirani wa mkabala namjua kwa viatu vyake vya buluu tu. Bibi alifariki mwaka jana, nikalia nimejifungia, na hakuja mtu. Nilipekua simu zote za ukoo kutafuta picha yake. Hakuna hata moja. Ijumaa iliyopita, alasiri, nikaiweka ile filamu ya kwanza ya Mrefu, ambayo zamani niliitazama kwa kujigamba tu. Askari akaweka simu chini. Akavuta sinia la dengu, akachagua zilizokwisha kuwa safi. Kidole gumba kikafuta ukingo, mara tatu. Ni yeye! Ni Bibi yangu yule, mikono yake, inatembea!

Nikainuka, nikaufungua mlango wazi kabisa, nikalia kwa sauti. Haukupita muda viatu vya buluu vikasimama kizingitini, na mwenye navyo, mama wa Kifilipino nisiyewahi kumsalimia, akaniuliza nani amekufa. Nikamwambia ni bibi yangu. Nikamwambia karibu, naye akaingia akakaa.