Kompyuta Iliyonitaja Jina Ukutani

Chekeni tu, maana hata mke wangu akinimiminia chai bado anacheka. Mimi Gwamaka, fundi kompyuta wa chama chetu cha wakulima wa chai huku Kawetele, niliumbuka mchana kweupe mbele ya watu na viroba vyao vya majani.

Kompyuta ya mizani ilikuwa ikiwashwa asubuhi inaganda, na isipowaka hakuna kupima, na majani yakikaa kwenye viroba yanachemka, kiwanda kinayakataa. Lawama zote zikamwangukia Tumpe, karani wetu, mwenyekiti akasema ikithibitika ni yeye, anaondoka leo leo. Mimi badala ya kukaa kimya (mdomo huu jamani!) nikadakia, "Niachie mimi, mwenyekiti. Nitawaonyesha ukutani alichoharibu," nikatega projekta.

Sasa, kompyuta ikiamka huwa inaita wenzake kwenye mtandao, inawaagiza kazi, halafu inasubiri. Isipojibiwa inabaki imeduwaa. Nikachomeka laptopu yangu ili ninase kila mwito, nikawasha, ikaamka vizuri kabisa! Watu wakapiga makofi, nami kichwa kikavimba, nikachomoa laptopu, nikaizima na kuiwasha tena waone. Ikaganda. Nikachomeka, ikaamka, nikachomoa, ikaganda.

"Inakupenda wewe, mwanangu," akasema bibi mmoja aliyekalia kiroba chake, watu wakaangua kicheko.

Kwa hasira nikafungua miito yote niliyonasa, ikajaa ukuta. Mstari baada ya mstari, kompyuta ya chama ilikuwa inaita mashine moja tu: LAPTOPU YA GWAMAKA, folda ya FILAMU. Ni mimi niliyeziunganisha, ili mchana nitazame filamu kwenye kioo kikubwa cha kompyuta hiyo ya mizani, na kila nikienda na laptopu nyumbani, asubuhi mashine ya watu inaita filamu zangu mpaka inaganda.

Mwenyekiti akavaa miwani. "Gwamaka, hizi filamu ndizo zinapima chai?"

Tumpe hakucheka. Jioni nikamfuata nyuma ya stoo, nikamwomba radhi kwa kunong'ona.

"Kaka Gwamaka, unanisingizia mbele ya wakulima, halafu unaniomba msamaha mbele ya kuku?"

Basi siku ya kupima iliyofuata nikasimama mbele ya viroba, nikasema kosa ni langu, Tumpe hana hatia, na nikaapa sitamnyooshea mtu kidole kabla sijapekua begi langu mwenyewe.

"Hatusikii huku nyuma!" akapaza sauti yule bibi.

Nikarudia yote, mpaka na majina ya filamu.