Ubao wa Tatu Kutoka Kona

Otylia Kuczera hakujenga banda la makaa kwa sababu ya baridi. Alijenga kwa hasira, na hasira ni fundi mzuri jamani, haichelewi kazini.

Majira ya baridi yaliyopita, makaa ya mawe ambayo mumewe Ernest alipewa kila mwaka kama mchimba mgodi mstaafu yalimwagwa uani, yakafunikwa turubai. Lundo la kufika Aprili, lakini likaisha katikati ya Februari. Ernest, mapafu yameshaliwa na vumbi, alikufa chini ya makoti matatu huku mkewe akichoma viti vya jikoni. Na siku zote hizo bomba la jirani, Reinhold Gawlik, lilifuka kama treni. Reinhold yule yule aliyeuza makaa yake yote tangu Oktoba, mtaa mzima unajua!

Ushahidi? Hamna. Makaa hayana jina.

Sasa kiangazi kilipoisha, unadhani Otylia alimwita nani amjengee banda? Huyo huyo.

"Jirani, hapa mtaani kwa nyundo nani akushinde?"

"Kwa mjane wa Ernest? Hata bure, mama!" Reinhold akajibu, kifua mbele.

Akapiga kazi. Sakafu akainyanyua kwa matofali ili makaa yasilowe, paa akalilaza vizuri. Otylia alimpikia supu na soseji, akamsifia kila msumari. Alipoondoka, mama wa watu akazunguka nyuma, upande wa uzio wa Reinhold, akasukuma ubao mmoja mmoja kwa kidole gumba. Wa tatu kutoka kona ukacheza. Chini ulikuwa na vichwa vya misumari tu, misumari yenyewe hamna.

Kwa mara ya kwanza tangu mazishi, Otylia akacheka.

Makaa yakaja. Akayajaza bandani, juu akayamwagia maji ya chokaa kama wafanyavyo watu wa kwao, ili mwizi akichota aache shimo jeusi.

"Umelivalisha shela, mama!" Reinhold akachungulia.

"Bibi harusi lazima alindwe, jirani."

Reinhold akacheka mpaka basi. Anayechota kwa chini shela haigusi, au siyo?

Wiki tatu akachota, usiku bila taa. Chokaa ikaanza kupasuka, lundo likibonyea taratibu. Otylia akaliona, akaliacha. Alikuwa anangoja sikukuu ya Mtakatifu Barbara, siku ya wachimba migodi, bendi inapoamsha mtaa alfajiri kisha kuingia kwa Reinhold, mpiga ngoma kubwa, kunywa kidogo. Siku hiyo nyumba yake lazima iwe moto.

Mkesha wake mchana, Reinhold akiwa mazoezini, Otylia alilala kifudifudi nyuma ya banda, akaufungua ubao, akapaka mabonge ya chini rangi nyekundu iliyobaki kwenye kopo alipopaka madirisha yake. Moja baada ya jingine.

Asubuhi, bendi nzima imejaa jikoni kwa Reinhold, Otylia akaingia na keki mkononi. Akaenda moja kwa moja kwenye ndoo kando ya jiko.

"Heee, jirani! Makaa yako leo yamepaka rangi ya mdomo? Yanakwenda wapi?"

Alojz, mkuu wa bendi, aliyepuliza tarumbeta kaburini kwa Ernest, akaokota bonge. "Otylia, si rangi ya madirisha yako hii?"

"Ndiyo yenyewe. Nimepaka jana. Ubao wa tatu kutoka kona, fundi anaujua."

"Mama, ngoja nikueleze..."

"Usinieleze mimi, Reinhold. Waeleze hawa waliombeba Ernest."

Glasi zikarudi mezani zikiwa zimejaa.

"Rudisha," Otylia akasema. "Pita barabarani. Leo hakuna njia ya panya."

Reinhold akatoka na ndoo mbili, kofia ya bendi yenye manyoya bado kichwani. Nyuma yake Alojz akaanza kupuliza wimbo ule ule waliomzikia Ernest, polepole, bendi ikafuata. Madirisha yakafunguka mtaa mzima.

Bandani Otylia akamkabidhi nyundo na misumari mirefu. Reinhold akapiga magoti kwenye theluji.

"Nisamehe, mama."

"Gonga."

"Nimesema nisamehe."

"Na mimi nimesema gonga."

Akagonga. Otylia akasukuma kwa kidole gumba. Ubao haukucheza.

Keki alirudi nayo nyumbani. Akakoka moto mpaka vioo vikatoka jasho, akakata kipande kikubwa, akala peke yake.