Gauni Lililokataa Kupwaya

Ili Fundi atoke dukani kwake, lazima kwanza aombe njia. Chumba ni chembamba, kirefu kuliko upana wake, na cherehani yake iko mwisho kabisa, ukutani. Kati yake na mlango kuna meza ya pasi, na nyuma ya meza ya pasi kuna dada yake. Meza ikiwa mahali pake hakuna upenyo hata wa kupitisha mkono. Dada huweka pasi pembeni, huinua kona ya meza, huisukuma, ndipo mtu apite kiubavuubavu, akivuta tumbo ndani na kushikilia pumzi.

Kwa miaka mingi jambo hilo halikumsumbua, maana hakuwa na la kutokea. Wateja walimfuata humohumo, chakula cha mchana kilimfuata humohumo, na habari za mtaa zilikuja zenyewe, zikiwa zimekunjwa ndani ya suruali zilizokatika zipu. Yeye alikata na kushona. Dada yake, aliyehamia kwake baada ya kufiwa na mume, alimalizia: pindo, vifungo, pasi. Wateja walimwita dada Mama Pindo. Yeye walimwita Fundi, na hata ndugu wa damu walishaacha kumwita jina jingine.

Siku alipokwenda zahanati alifuata dawa ya kikohozi tu. Daktari, binti mdogo aliyevaa miwani, akamchoma kidole, akaangalia kipimo, akamchoma kidole kingine.

"Mama, unafanya kazi gani?"

"Nashona."

"Kwa kukaa?"

"Hakuna cherehani ya kukimbia nayo, mwanangu."

Daktari akacheka kidogo, kisha akaacha. Akamweleza kwamba sukari yake imepanda. Haijafika pabaya, lakini njia iliyoshika si nzuri. Apunguze wali, mkate na vitamu. Aongeze mboga. Atoke nje atembee, kila siku, mpaka apumue kwa nguvu. Arudi baada ya miezi mitatu wamwangalie tena.

"Na nikishindwa?"

"Tutaongeza dawa. Lakini sukari ikikaa juu muda mrefu, huwa inaharibu macho."

Kama angetaja moyo, au figo, au miguu, huenda Fundi angeitikia tu na kusahau. Lakini daktari alitaja macho. Jioni hiyo Fundi alitunga uzi kwenye sindano, akauchomoa, akautunga tena, akauchomoa, bila kushona chochote.

Kesho yake, jua lilipopoa, akasimama. "Dada, nipishe."

"Unakwenda wapi?"

"Kutembea."

"Kutembea kwenda wapi?"

"Kutembea tu."

Mama Pindo alibaki ameshika pasi hewani. "Mtu mzima na akili zake anatoka tu? Kama mbuzi aliyekata kamba?"

"Daktari amesema."

"Daktari hajui kwamba watu wana macho?"

Hakukosea. Fundi hakuwa amefika hata kwa muuza mboga alipoanza kuulizwa. "Fundi! Kuna msiba?" Maana hawakuwahi kumwona barabarani saa za kazi ila kwenye mazishi. Alipojibu kwamba anatembea, muuza mboga alimtazama kwa huruma, akamsaidia kutafuta sababu: "Basi kwa kuwa unapita, nichukulie hii sketi, imeachia kiunoni." Kinyozi akamwongezea suruali. Mama wa kona akaleta pazia zima. Fundi akarudi na furushi begani, na kinyozi akamsindikiza kwa kelele: "Wenzako wakitembea wanapungua, Fundi, wewe unaongezeka!"

Akabadilisha njia. Akagundua kwamba akipita nyuma ya ghala, kando ya mfereji, anatokea barabara ya vumbi inayopanda hadi daraja la reli, na huko hakuna anayemjua. Siku ya kwanza kilima kilimshinda nusu, akakaa juu ya jiwe akisikiliza moyo wake ukigonga kama cherehani iliyolegea mkanda. Baada ya wiki chache alifika darajani. Alisimama pale, mikono juu ya chuma chenye joto la jua, upepo ukimpiga shingoni, hakuna ukuta mbele ya pua yake. Aliona mapaa ya mtaa mzima lakini la duka lake hakuweza kulipambanua. Hilo lilimfurahisha, na furaha hiyo akaionea haya kidogo.

Nyumbani mambo yalikuwa magumu kuliko kilima. Mpishi alikuwa Mama Pindo, na Mama Pindo alipika kwa mkono mmoja na kupenda kwa mkono uleule.

"Dada, nilisema nusu."

"Si nusu hiyo?"

"Nusu ya nini?"

"Ya sufuria."

Fundi akaanza kujipakulia mwenyewe: mboga kwanza mpaka sahani ijae, kisha wali kwa kijiko kimoja pembeni. Dada yake alitazama ile sahani kama mtu anayetazama nyumba iliyoungua. Chai ya Fundi ikawa haina sukari. "Hayo ni maji ya moto yaliyopakwa rangi," alisema Mama Pindo. Baadaye hakusema tena. Alikula, akaosha vyombo, na ukimya wake ulikaa mezani nao kama mgeni asiyeaga.

Ila kulikuwa na jambo moja lililomvunja Fundi moyo. Hakuwa akipungua.

Yeye mizani hakuwa nayo, na alipita mbele ya kioo cha wateja bila kujitazama. Uso alikuwa nao tangu utotoni, angeuonea nini kipya? Alichokiamini ni nguo. Alikuwa na magauni matatu ya kazi, aliyojishonea mwenyewe kwa mkato mmoja, yakamkaa kiunoni barabara. Mteja aliyelalamika kwamba fundi amemkosea kipimo, Fundi alimwambia, "Kipimo kinaweza kukosea, nguo haikosei. Ukipungua itapwaya, ukinenepa itakwambia." Sasa wiki zilipita, alipanda kilima, alikula mboga mpaka akajiona anataka kuota majani, na kila asubuhi alipovaa gauni lililotoka kwenye pasi ya dada yake, lilimkaa vilevile. Halikupwaya hata uzi mmoja.

Siku moja alimwomba dada yake ampime. Fundi hawezi kujipima mwenyewe vizuri. Akiinamisha kichwa kusoma, kiuno kinahama. Mama Pindo alizungusha tepu, akaweka vidole ndani yake, akasoma.

"Enhe?"

"Palepale."

"Soma tena."

"Fundi, ni palepale. Mwili wako ndivyo ulivyo. Kwa nini unautesa?"

Fundi alikaa kwenye kiti chake. Ukuta ulikuwa mbele yake, na meza ya pasi nyuma yake. Alifikiri kwamba labda kuna watu waliokwisha kukatwa na kushonwa, na umri wa kufumuliwa umepita. Jioni ile hakuomba njia, na kesho yake pia hakuomba.

"Zahanati si wiki ijayo?" dada yake aliuliza, akikunja shati.

"Siendi. Nikasikie nini? Gauni limeshaniambia."

Mama Pindo alianza kuimba chinichini, na Jumamosi alileta dukani mkate mpya wenye jamu na chai ya maziwa yenye sukari ya kutosha. Fundi alikula. Vilikuwa vitamu, na hakuvifurahia. Dada yake alikaa nyuma ya meza ya pasi akamtazama anavyotafuna, na uso wake ulikuwa umelegea kama wa mtu aliyetua mzigo.

Kipande cha tatu kilidondosha jamu. Ilimwangukia Fundi ubavuni, ikashika kitambaa. Akalivuta gauni mbele apate kulifuta, na vidole vyake vikagusa kitu kigumu kwa ndani. Kitambaa chepesi kama kile hakikupaswa kuwa na unene huo. Akaingiza mkono, akapapasa. Akageuza upindo wa ndani ukaonekana nje.

Ulikuwa mshono ndani ya mshono. Kando ya mshono alioushona yeye kwa cherehani palikuwa na mwingine wa mkono, na ndani yake mwingine, na mwingine tena, kila mmoja ukiingia kidogo kuliko uliotangulia, tangu kwapani hadi nyongani. Mkono wa mtu kwenye mshono ni kama mwandiko. Nukta fupi, zinazorudi nyuma kidogo, na fundo mara mbili mwishoni. Fundi hakuhitaji kuuliza ni wa nani. Aligundua jambo jingine pia: hakuna kilichokatwa. Kila kilichozidi kilikuwa kimekunjwa ndani kwa uangalifu, kama mtu anayemtunzia mwenzake nafasi ya kurudi.

"Dada. Kazi hii ni yako?"

Mama Pindo aliweka kikombe chini. "Gauni la fundi likipwaya, wateja watasema nini? Watasema huyu hajui kushona hata zake."

"Magauni yote matatu?"

"Yote yanapita kwenye pasi."

"Na tepu? Uliponiambia palepale?"

Dada alikizungusha kikombe chake mezani.

Fundi alisimama. Alitaka kutoka, na kutoka kwa hasira, kwa kishindo, mlango ugonge ukuta. Akafika kwenye meza ya pasi akakwama. Alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili. "Nipishe," alisema, na sauti yake ilitoka kama ya mtoto.

Dada yake hakuinuka.

"Mama yetu naye alianza na gauni kupwaya," alisema Mama Pindo. "Wewe ulikuwa chuo cha ushonaji, hukuona. Alikuja akaniambia, mwanangu, hebu nikazie hapa. Nikamkazia. Wiki nyingine akarudi, nikazie tena. Nilikaza, Fundi, nikakaza, mpaka kitambaa kikawa kingi kuliko mama."

"Ule ulikuwa ugonjwa."

"Najua."

"Mimi siumwi vile. Nimepungua kwa sababu ninatembea. Ninapungua ili nisiumwe."

"Najua! Daktari kasema, nawe umesema, nimesikia. Kichwa kinajua. Lakini asubuhi ya kwanza ulipovaa lile la bluu likaning'inia hapa nyuma, mikono yangu ilitafuta sindano yenyewe. Sikutaka kuliona linaning'inia. Basi."

"Kwa hiyo uliona afadhali niache."

"Usiku ule ulipoacha kutembea," alisema dada yake, "nililala usingizi."

Walikaa hivyo, mmoja amesimama, mmoja ameketi. Kinyozi alipitisha kichwa mlangoni akauliza suruali yake, akawatazama, akasema atarudi kesho. Fundi alitafuta neno la kumwumiza dada yake na alilipata; lilikuwa palepale kwenye ulimi. Kisha akaona jinsi dada alivyokuwa akikunjakunja pembe ya kanga yake, kidogo kidogo, kila kinachozidi kwa ndani. Akalimeza. Lilishuka vibaya.

Alichukua wembe wa kufumulia, akavua gauni nyuma ya pazia la wateja, akajifunga shuka, akakaa na kufumua ubavu wote mpaka kwenye mshono wake wa kwanza. Alipolivaa tena lilimning'inia kama limeazimwa. Mama Pindo aligeuza uso ukutani.

Zahanati alikwenda. Daktari mwenye miwani alimchoma kidole, akamwambia sukari imeshuka, si yote, lakini imeshuka, na asiache.

"Imeshuka," alimwambia dada yake.

"Daktari mwenyewe mwembamba kama sindano. Anajua nini kuhusu mwili?"

"Dada."

"Sawa. Imeshuka. Tembea. Lakini usiende huko darajani."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ukipotea machoni pangu, nakuona umelala njiani. Pasi inaunguza nguo za watu. Tembea uwanjani, nyuma ya nyumba. Nikiwa napika nakuona. Nikikuona nitaweza, Fundi. Wali nitaupunguza mwenyewe, hata sukari nitaificha. Ila nikuone."

Ule uwanja ulikuwa kipande cha ardhi kilichochakaa ambapo watoto hucheza mpira, kimezungukwa na kuta za nyumba za watu pande zote nne. Hakukuwa na kilima, wala upepo wa maana, wala mahali pa kusimama usijulikane. Fundi alifikiria chuma chenye joto na yale mapaa madogo chini yake. Akafikiria pia sahani yake ikipakuliwa bila vita. Alipojibu, hakutazama upande wa dada yake.

"Sawa."

Siku hizi, jua likipoa, anazunguka uwanja ule na gauni lake linalopwaya. Watoto wameshamzoea, mpira ukimpitia humwambia, "Mama, rudisha!" naye huurudisha kwa mguu, vibaya. Majirani wameuliza kama anaumwa, na Mama Pindo huwajibu mwenyewe kutoka mlango wa jikoni, mwiko mkononi: "Haumwi. Anatembea. Hamjawahi kuona mtu anatembea?" Husema kwa ukali, lakini macho hayatoki uwanjani.

Na kila siku, Fundi akiwa ndiyo kwanza ameanza kutoka jasho, sauti ile humfikia. "Imetosha sasa! Umechoka, rudi!"

Fundi huinua mkono juu, kuonyesha kwamba amesikia. Kisha hupita kando ya ukuta wa mwisho na kuanza mzunguko mwingine.